Andika: herufi yenye jina letu mbele ya macho ya watoto wetu

1. Herufi nayo ni desturi

Mu vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, ngoma na hadisi za wakubwa. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumzia kitu kingine, ambacho musomaji anakitazama sasa hivi bila kukiona: sura ya herufi. Mutu akisoma, macho yake yanapita juu ya herufi kama miguu inavyopita ku njia. Njia ikiwa nzuri, hakuna anayeiwaza. Ikiwa na mashimo, ndipo tunaanza kuuliza nani aliyeitengeneza.

Sura ya herufi nayo ni urithi. Mwandiko wa kuunganisha tunaoandika ku tablo tuliupokea kwa walimu wetu, na wao waliupokea ku masomo ya misioni. Wachoraji wa vibao vya maduka hapa Lubumbashi na kule Likasi wana mwandiko wao, kila mumoja aliujifunza kwa mukubwa wake wa kazi. Na mbele ya hayo yote, hapa Katanga Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kumbukumbu wenye shanga na alama za kuchongwa. Watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha vidole juu yake, huku wakieleza habari za wafalme na za koo. Lukasa haikuwa alfabeti. Lakini iko na fundisho kwetu: alama zile zilifanywa kwa ajili ya vidole vya watu waliofundishwa kuzisoma. Alama na musomaji wake walijuana.

Herufi tunazosomea leo zinatoka mbali. Zinakuja ndani ya kompyuta. Ukienda ku sekretaria kupigisha mutihani, kijana wa pale anakuuliza: "Mwalimu, tuweke polisi gani?" Anafuata neno la Kifaransa lililo mu programu yake. Wengi wetu tunacheka na kujibu: "Weka yoyote." Jibu hilo ndilo tunataka kulichunguza hapa. Kwa sababu polisi hiyo, sawa na ile ya barabarani, inaweza kukuacha upite ao inaweza kukusimamisha. Na anayesimamishwa mara nyingi ni mutoto.

2. Andika ni nini

Kati ya polisi zinazopatikana kwa kompyuta kuna moja yenye jina la Kiswahili: Andika. Ilitengenezwa na SIL, shirika la kimataifa linalofanya kazi juu ya lugha, zaidi sana lugha ambazo hazikuwa na vitabu vingi. Matoleo yake ya kwanza yalitoka mu miaka ya 2000, na kazi ya kuirekebisha iliendelea. Mwanzoni ilikuwa na sura moja tu ya kawaida, baadaye ikapata sura nene na sura ya kulala.

Kusudi lake lilitangazwa wazi: kuwapa watu wanaoanza kusoma herufi nyepesi kutambua, ambazo moja haichanganywi upesi na ingine. Haina vimikia vile vya Times. Herufi a na g zimefuata umbo la mwandiko wa mukono: a ni duara lenye fimbo fupi upande wa kuume, si ile a ya vitabu yenye kichwa kilichoinama. Mwenye kupenda a ya vitabu anaweza kuichagua, iko ndani yake pia.

Inafaa tueleze sababu ya kazi hiyo. Kwa muda mrefu, watu waliofundisha kusoma kwa lugha ndogo hawakupata herufi zote mu polisi moja. Waliokota moja huku, ingine kule, na ukurasa ukawa kama kundi la wanamuziki ambao kila mumoja anapiga wimbo wake. Hapa Kongo jambo hilo tunalielewa. Wanaoandika Lingala ya kitaalamu wanahitaji ɛ na ɔ. Wanaoandika Tshiluba ao Kiluba pamoja na tani zake wanahitaji alama juu ya vokali. Andika iko na hizo zote kwa umbo moja na uzito mumoja. Tena ni ya bure. Leseni yake inaruhusu kila mutu kuitumia, kuigawa, hata kuigeuza, kwa sharti aliyeigeuza aipe jina lingine.

Hiyo ni zawadi, na tunaipokea kwa mikono miwili. Lakini zawadi yenye jina letu tunaruhusiwa kuipima. Tunauliza swali moja tu: Andika inasomeka namna gani mu Kiswahili, ku karatasi zetu, kwa watoto wetu?

3. Kiswahili kinaomba nini

Hatuwezi kuhukumu kiatu bila kutazama muguu. Tutazame kwanza lugha.

Tuchukue maneno haya mepesi: "Mama anataka kuwapatia watoto chakula." Hesabuni pamoja nasi. Kuna herufi 33, na kati yao 12 ni a. Ni zaidi ya theluthi moja. Mu Kiswahili, basi, herufi a ndiyo nguzo ya nyumba. Mutengenezaji akiikosea, nyumba yote inayumba.

Sasa tuweke a karibu na o. Taka na toka. Hama na homa. Chama na choma. Pana na pona. Tofauti yote iko ku herufi moja ya duara, na maana inaruka kutoka kuhama hadi kuugua. Halafu kuna e na o: chake na chako, yake na yako. Mwalimu akiandika "rudisha kitabu chake", mutoto akasoma "chako", kitabu kinaenda kwa mutu mwingine. Mu Kiswahili vokali ni yenye kubeba mwenye kitu, wakati na watu. Haiko pambo.

Tatizo la pili ni fimbo zilizosimama. Hadisi zetu nyingi zinaanza na "Ilikuwa". Mu Arial, I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili zinazofanana kama mapacha, na mutoto anajikwaa ku neno la kwanza kabisa la hadisi. "Ila" na "Ili" ni vilevile. Na neno kama "munamununulia" linasimama mbele ya macho kama miti ya lupango: m, u, n, miguu inafuatana na huoni mulango uko wapi. Kuna na kuua pia zinakaribiana, kwa kuwa n ikipinduliwa inakuwa u.

La tatu ndilo kubwa. Andikeni baba, kisha andikeni dada. Neno moja ni kama kivuli cha lingine mu kioo. Mutoto wa mwaka wa kwanza akisoma dada pahali pa baba, tunamwambia: "Wewe, angalia vizuri!" Lakini yeye ameangalia vizuri. Mwanasayansi Mufaransa Stanislas Dehaene, mu kitabu chake cha 2007 juu ya kusoma na ubongo, alieleza sababu. Kwa asili ubongo wa mwanadamu unahesabu kitu na picha yake ya kioo kuwa kitu kimoja. Mbuzi akitazama kushoto ni mbuzi, akitazama kuume ni mbuzi yuleyule. Sufuria ukigeuza mukono wake upande huu ao ule, ni sufuria tu. Herufi peke yake inamwomba mutoto aache akili hiyo nzuri: tumbo likiwa kuume ni b, likiwa kushoto ni d. Kulijifunza kunaomba wakati. Anayemuchapa mutoto kwa sababu ya b na d anamuchapa kwa kuwa na ubongo wa mutu.

4. Tunavyoihukumu Andika

Kwa upande wa fimbo, Andika inashinda Arial. Watengenezaji waliangalia zile herufi zenye kufanana, wakatafuta kuzitenganisha, na kusudi hilo linaonekana mu ukurasa. Kwa upande wa alama za juu na herufi za lugha zetu zingine, polisi tulizokuwa nazo zamani haziikaribii.

Kwa upande wa a, tunaleta lawama yetu ya kwanza. Ile a ya mukono inamupendeza mwalimu, kwa kuwa mutoto anasoma umbo lilelile analoliandika mu kaye. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini a hiyo ni o iliyopewa fimbo. Ku karatasi safi fimbo inaonekana. Ku fotokopi ya fotokopi, ile ambayo sisi tunaijua, wino unajaza kona ao fimbo inafifia, na taka inakuwa toka. Ile a ya vitabu, yenye kichwa kilichoinama, hata ikiharibika nusu haifanani na o. Lugha yenye a chache inaweza kuvumilia hasara hiyo. Lugha yenye a nyingi kama Kiswahili inapaswa kufikiri mara mbili. Kwa maoni yetu, watoto wa mwaka wa kwanza wapewe a ya mukono ku karatasi iliyo safi. Lakini toka mwaka wa tatu, na zaidi sana mu mitihani inayozalishwa kwa mashini iliyochoka, a ya vitabu ndiyo ya kuchagua. Andika yenyewe inaruhusu. Anayepigisha ndiye anapaswa kujua kuomba.

Lawama ya pili ni karatasi. Andika ni pana, na mistari yake inaacha nafasi kubwa kati yao, ili alama za juu na za chini zisigongane. Macho yanafurahi, mufuko unalia. Mutihani uliotosha kurasa mbili za Times unaomba ya tatu. Ku masomo ambako wazazi ndio wanalipa karatasi, ukurasa wa tatu si jambo la kucheka. Tunajua kinachofanyika basi: wanapunguza ukubwa wa herufi mupaka itoshe, na faida yote ya sura nzuri inapotea kwa udogo. Afadhali maswali nane yanayosomeka kuliko kumi ya kubahatisha.

Kuhusu b na d, hatuilaumu Andika. Kasoro iko mu mifupa ya alfabeti yenyewe, na fundi wa herufi hawezi kufanya zaidi ya kuipunguza.

5. Nafasi kati ya maneno

Kosa lingine la kutoa uamuzi upesi ni kuwaza kwamba kila kitu ni umbo la herufi. Tuko na ushahidi hapa nyumbani. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya muji huu, akiitazama kwa macho ya watu waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Maandishi hayo yanaitwa Vocabulaire ya muji wa Elisabethville, na Johannes Fabian aliyatangaza mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yaliandikwa mu Kiswahili chetu, kile cha kusemwa. Mutu akiyafungua anashangaa: maneno yamekatwa pahali pasipotazamiwa, mengine yamebandikwa pamoja, nukta na koma hazimwongozi musomaji. Ili kuyaelewa, ilibidi yasomwe kwa sauti na mutu wa hapa, na sikio likatengeneza yale ambayo jicho lilishindwa. Herufi zilisomeka moja kwa moja, lakini ukurasa ulikuwa mugumu.

Watafiti wa Italia na Ufaransa walionyesha jambo la karibu na hilo mwaka 2012. Waliwapa watoto wenye shida kubwa ya kusoma maandishi yaleyale, wakiongeza tu nafasi kati ya herufi, na watoto wakasoma upesi zaidi na kwa makosa machache. Hawakubadilisha polisi. Kwa hiyo mutu akisema "tumenunua polisi mupya, shida imekwisha", tumuulize: Nafasi ni gani? Mustari ni mrefu namna gani? Karatasi ni ya rangi gani? Koma inaonekana? Mu hesabu tunaandika 2,5. Koma ikipotea ku fotokopi inabaki 25, na mutoto anayejua kabisa kuhesabu anapewa sifuri.

6. Namna ya kupima

Sasa tunafika ku jambo ambalo mu kazi yetu tunaliacha sana: kupima. Mutu hawezi kusema "hii inasomeka" kwa sababu yeye mwenyewe ameisoma. Aliyeandika mutihani anajua tayari yaliyomo.

Elimu hii si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19, muganga wa macho Mufaransa Émile Javal alitangaza kwamba jicho linalosoma haliteremki juu ya mustari kama maji. Linaruka, linasimama, linaruka tena. Alionyesha pia kwamba nusu ya juu ya herufi inabeba habari nyingi kuliko nusu ya chini. Kila mutu anaweza kuhakikisha: afunike nusu ya chini ya mustari huu kwa karatasi, asome, kisha afunike nusu ya juu. Mumarekani Miles Tinker, ambaye kitabu chake juu ya kusomeka kwa maandishi kilitoka mwaka 1963, alipima mwendo wa kusoma kwa miaka mingi. Aliona kwamba kati ya polisi za kawaida tofauti ni ndogo, lakini maandishi ya herufi kubwa tupu yanachelewesha musomaji. Wenye kuandika matangazo marefu ya matanga na ya mikutano kwa herufi kubwa toka mwanzo hadi mwisho wasikie.

Kule Uingereza, karibu na mwaka 1960, serikali ilitaka herufi za vibao vya barabara kubwa. Ku uwanja wa ndege wa Benson waliketisha watu ku jukwaa, na gari likawaendea likibeba vibao juu yake. Walipima umbali ambapo kila kibao kilisomeka. Herufi za Jock Kinneir na Margaret Calvert zilishindana na za David Kindersley. Tofauti ilikuwa ndogo, hata Kindersley alitangulia kidogo, na mwishoni walichagua za Kinneir na Calvert kwa kuwa zilionekana nzuri zaidi. Tunapenda mufano huu kwa sababu mbili. Unaonyesha kwamba kipimo kinaweza kuwa chepesi: watu, kibao na umbali. Na unaonyesha kwamba kipimo hakimalizi mabishano yote. Kinaondoa tu yale ya uongo.

Mu miaka ya 1980, mwalimu wa mwandiko Rosemary Sassoon alienda kwa watoto wenyewe, akawauliza ni herufi gani zinazowafaa kusoma, na kutoka pale akatengeneza polisi ya masomo ya msingi. Kuuliza mutoto! Hapa kwetu ni jambo ambalo linaonekana kama muchezo.

Tunaleta basi namna ambayo mwalimu yeyote anaweza kufuata, bila mashini na bila feza nyingi.

Kwanza, usawa. 12 ya Times si 12 ya Andika: herufi ndogo za Andika zina kimo zaidi kwa namba ileile. Mutu akizilinganisha hivyo, Andika inashinda kwa ukubwa, si kwa sura. Achukue rula, apime kimo cha x, na aongeze Times mupaka zilingane.

Pili, maneno pasipo maneno mengine. Mu hadisi mutoto mwerevu anabahatisha: akiona "kuku" na "yai" anajua kinachofuata. Kwa hiyo aandikiwe orodha kavu: taka, homa, dada, kuna, chama, toka, baba, hama, pona, kuua. Hapo jicho liko peke yake.

Tatu, karatasi ya kweli. Kipimo kifanywe ku fotokopi ya mara ya tatu, mu kona ya kalasi yenye giza, kwa kuwa ndipo watoto wanakaa. Kibao kingine kibandikwe ku ukuta. Mutoto aanze nyuma kabisa, akaribie polepole, na umbali wa kusoma upimwe kwa mita.

Nne, zamu. Nusu ya watoto waanze na Times na nusu waanze na Andika, na maandishi ya pili yasiwe yaleyale ya kwanza. Kama wote wanaanza na moja, ile ya pili itapata faida ya mazoezi ao hasara ya uchovu.

Tano, na hii ndiyo ya maana kupita zote: tusihesabu makosa tu, tuandike ni herufi gani ilichukuliwa pahali pa gani. Tuchore jedwali, herufi zilizoandikwa upande mumoja, herufi zilizosomwa upande mwingine. "Makosa matano" ni alama ya kumupa mutoto. "Mara nne a ilisomwa o, mara moja b ilisomwa d" ni habari juu ya karatasi. Watoto kumi wakianguka ku shimo moja, hatuwezi kuendelea kusema kwamba wote hawajui kutembea.

Sita, tusisahau mazoea. Jicho linapenda lililozoea. Polisi mupya inaweza kushindwa siku ya kwanza na kushinda kisha mwezi. Kipimo kirudiwe. Na mutoto ambaye hasomi kibao chochote kutoka nyuma, huyo tusimupe polisi, tumupeleke kwa muganga wa macho.

7. Na Mandombe?

Wako watakaotuambia: "Mbona munahangaika na alfabeti ya Wazungu? Tuko na Mandombe." Neno hilo linaomba jibu la heshima. Mwaka 1978, kule Mbanza-Ngungu, David Wabeladio Payi, ambaye aliaga dunia mwaka 2013, alianza kutoa mwandiko mupya. Kufuatana na ushuhuda wake, aliupata kwa ufunuo, na maumbo ya 5 na 2 aliyoyaona ku matofali ya ukuta yakawa musingi wa yote. Unafundishwa zaidi sana mu mazingira ya Kanisa la Kimbangu, na unaandika Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Mutu wa Kongo kutoa mwandiko mzima ni jambo la kujivunia, na tunalisema bila kupunguza.

Lakini kipimo kilekile kiuulize swali lilelile. Mu Mandombe umbo moja likigeuzwa kama mu kioo, kushoto ao kuume, juu ao chini, linakuwa herufi ingine. Kwa akili ya fundi, huo ni uzuri: maumbo machache yanazaa mengi, kwa utaratibu kama wa hesabu. Kwa macho ya mutoto wa miaka sita, ni baba na dada zilizoenea mu alfabeti yote. Hatusemi kwamba haisomeki. Wanaoijua wanaisoma, na ubongo unaweza kufundishwa kuachana na kioo. Tunasema kwamba bei ya kujifunza inapaswa kupimwa, na kwamba kiburi cha taifa hakiwezi kulipa bei hiyo pahali pa mutoto. Sultani Njoya wa Bamum, kule Kamerun, alianza na alama zaidi ya mia tano mwishoni mwa karne ya 19, na mu miaka iliyofuata aliurekebisha mwandiko wake mara kwa mara mupaka ukabaki na alama karibu 80. Hakuna aliyesema kwamba kwa kurekebisha amemudharau Bamum. Alikuwa anawatengenezea watu wake mwandiko wa kusoma.

Kwa hiyo Andika na Mandombe, moja iliyotoka nje na jina letu, ingine iliyotoka ndani ya inchi yetu, zote mbili zisimame mbele ya hakimu mumoja: jicho la musomaji.

8. Kwa kumaliza

Wakubwa walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu mumoja akipima mu kalasi yake, atapata maoni. Walimu kumi wakipima kwa namna moja, na orodha moja ya maneno, na wakakusanya majedwali yao, watapata kitu cha kupeleka kwa wachapishaji wa vitabu na kwa inspeksheni. Chama chetu cha utamaduni kinaweza kuanza na jambo dogo: kuchapa ukurasa mumoja wenye yale maneno kumi, upande mumoja kwa Times, upande wa pili kwa Andika yenye a ya mukono, na ukurasa mwingine kwa Andika yenye a ya vitabu, kimo cha x kikiwa kimoja popote. Ugawanywe ku masomo matatu ao manne ya muji, na urudi na majina ya herufi zilizochanganywa, bila majina ya watoto.

Tukingojea hayo, kuna jambo ambalo halingojei kipimo. Mutihani ujao, kijana wa sekretaria akiuliza "polisi gani?", tusijibu tena "yoyote". Tumuombe atoe karatasi moja kwanza, tuipitishe mara tatu ku mashini ya fotokopi, na tumupe mutoto yeyote anayepita barabarani asome kwa sauti mustari wa kwanza. Akisoma "toka" pale tulipoandika "taka", mutihani huo haujawa tayari.